Nimwombe mzazi nini hasa ninaposema "msaidie mtoto nyumbani"?

MwalimuDarasaLaPili anauliza:

Habari za kazi, ndugu walimu na wazazi.

Ninafundisha darasa la pili na huu ni mwaka wangu wa sita. Katika kila kikao cha wazazi nimekuwa nikisimama na kusema maneno yale yale, kwamba wawasaidie watoto nyumbani. Wazazi huitikia, tunaagana vizuri, nami hurudi darasani nikiamini kwamba nimetimiza wajibu wangu. Muhula huu nimeanza kuona kwamba maneno hayo hayana kitu ndani yake, na ningependa kueleza kilichonifikisha hapo kabla sijauliza.

Wiki tatu zilizopita niliwapa watoto hesabu sita za kutoa, za tarakimu mbili, waende nazo nyumbani. Kesho yake nilipokuwa nikisahihisha nilikutana na madaftari matatu ambayo hadi leo sijayasahau. La kwanza lilikuwa na majibu yote sahihi, kwa mwandiko wa mtoto mwenyewe, ila karatasi ilikuwa imefutwafutwa hadi ikatoboka. Nilimwita mtoto mezani nikamwandikia hesabu ya saba, 52 kutoa 27, naye akaandika 35 bila kusita. Nilipomuuliza zile sita alizipataje, alinyamaza kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba baba alikuwa anamtajia. La pili lilikuwa tupu, na mama wa mtoto huyo aliponiona langoni aliniomba radhi. Alisema yeye hakusoma, na aliogopa kumharibia mtoto kwa kumfundisha vibaya. La tatu lilikuwa na majibu sahihi yaliyopatikana kwa njia nisiyoifundisha, na mwenye daftari alikuwa amechanganyikiwa, hajui afuate ya mama au ya mwalimu.

Nimewafikiria sana wazazi hao watatu. Hakuna aliyenipuuza. Mmoja alikesha na mtoto, mmoja alijizuia kwa sababu anamjali mtoto, na mmoja alifundisha kile alichokijua. Kila mmoja alilijaza ombi langu kwa namna yake kwa kuwa mimi mwenyewe nililiacha wazi.

Swali langu basi ni hili: nimwombe mzazi afanye jambo gani hasa? Natafuta jambo dogo, linaloelezeka kwa dakika chache katika kikao, ambalo mzazi aliyesoma sana na mzazi asiyejua kusoma wote wanaweza kulifanya, hata jioni ambayo mtu amerudi amechoka. Tena nilieleze vipi ili mzazi asijione kama anafundishwa jinsi ya kumlea mtoto wake?

MwalimuMstaafu anajibu:

Mwalimu mwenzangu, nimefundisha madarasa ya chini kwa miaka 31 na sasa nimepumzika. Kwa zaidi ya nusu ya miaka hiyo nilikuwa nikisema maneno hayo hayo kwenye vikao, kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyeipita njia unayoipita.

Mwombe mzazi sikio lake. Kufundisha ni kazi yako, na umesomea. Alicho nacho mzazi ambacho wewe huna ni nafasi ya kumsikiliza mtoto mmoja, peke yake, kila siku. Piga hesabu mwenyewe: darasa likiwa na watoto 40, ukitaka kila mmoja akusomee kwa dakika tano tu, utahitaji saa tatu na dakika ishirini ili kumaliza mzunguko mmoja. Hakuna ratiba ya shule inayoweza kubeba mzigo huo kila siku, na kusoma ni jambo linalokomaa kwa kurudiwa kila siku.

Haya siyasemi kwa kukisia. Kati ya mwaka 1976 na 1978, huko Haringey, kaskazini mwa London, watafiti Jack Tizard, William Schofield na Jenny Hewison walifuatilia watoto wa shule za msingi ambao wazazi wao waliombwa jambo moja tu, yaani kumsikiliza mtoto akisoma kwa sauti kitabu alichopewa na mwalimu, kwa ukawaida, kwa muda wa miaka miwili. Watoto wengine walipewa mwalimu wa ziada shuleni, wakasomeshwa katika vikundi vidogo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1982, nayo yalionyesha kwamba watoto waliosikilizwa na wazazi wao walisonga mbele kwa kiasi kinachoonekana wazi, ilhali wale wa mwalimu wa ziada hawakupata maendeleo ya namna hiyo. Jambo ambalo hadi leo linanigusa ni kwamba baadhi ya wazazi hao hawakujua Kiingereza, na wengine hawakujua kusoma kabisa. Walisikiliza hivyo hivyo, na watoto wao walifaidika. Yule mama aliyekuomba radhi langoni ningependa asikie habari hii kutoka kinywani mwako.

Hata hivyo, kusikiliza nako kuna namna yake, na hapo ndipo kikao chako kinapopaswa kutumia muda mwingi. Usieleze kwa maneno matupu. Mchukue mtoto mmoja, au hata mwalimu mwenzako aigize mtoto, msome mbele ya wazazi. Tuseme sentensi ni "Mama amebeba kikapu." Mtoto anatazama picha, anaona mama na kitu kichwani, anasoma, "Mama amebeba mzigo." Mzazi mwenye haraka atasema papo hapo, "Si mzigo, ni kikapu, tazama vizuri!" Hapo neno limeshatamkwa, na mtoto hana tena sababu ya kulitazama. Mwonyeshe mzazi namna ya kungoja: ahesabu moja hadi tano kimoyomoyo, kisha aweke kidole chini ya silabi ya kwanza bila kusema neno. Mara nyingi mtoto atarudi mwenyewe, "ki... ka... pu." Ikiwa bado hajaweza, basi mzazi ataje neno kwa sauti ya kawaida na safari iendelee, maana sentensi ikikatizwa mno maana yake hupotea. Mzazi asiyejua kusoma hataweza kulionyesha kosa hilo, lakini anaweza kungoja, na anaweza kusema, "Pale ulipokwama, hebu rudia." Hata mtu asiyezijua herufi husikia sauti inapositasita.

Jambo la pili ni la lugha yetu yenyewe, nami naliona likisahaulika sana. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na hilo ni neema kwa anayejifunza, kwani mtoto akishazijua silabi anaweza kutamka karibu neno lolote. Neema hiyo ina upande wake wa pili. Mtoto anaweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri, asikosee hata "mbw" wala "nyw" wala "ng'", na ukimuuliza kilichotokea katika hadithi asiwe na jibu. Mzazi husikia sauti ikitiririka na kuamini kwamba mtoto anasoma. Kwa hiyo mpe kila mzazi swali moja la kuuliza kitabu kinapofungwa: "Nisimulie kilichotokea." Masimulizi ya mtoto ndiyo yatakayoonyesha kama alisoma au alitamka tu.

Na wakisoma kipande kile kile siku tatu mfululizo, wasidhani wanapoteza wakati. Mwaka 1979 S. Jay Samuels aliandika juu ya njia ya kurudia kusoma kifungu kimoja kifupi hadi ulimi uzoee, na walimu wengi wameitumia tangu wakati huo kuwasaidia watoto wanaosoma kwa kujikwaa.

BabaWaWatatu anajibu:

Shikamoo Mwalimu Mstaafu, na salamu kwako Mwalimu uliyeuliza.

Mimi naandika kama mzazi, na nitasema ukweli: mimi ndiye yule baba wa daftari la kwanza, ingawa mtoto wangu hayumo darasani kwako. Binti yangu alipokuwa darasa la pili tulikuwa tukikaa mezani kila jioni na hesabu zake, na mara nyingi tuliishia yeye akilia na mimi nikiwa nimekasirika. Nilikuwa namtajia majibu ili tumalize. Nilidhani nasaidia. Zaidi ya hayo, nilikuwa na mazoea ya kumwambia, kwa nia ya kumtuliza, kwamba hata mimi hesabu zilinishinda nilipokuwa shule.

Baadaye nilisoma habari za utafiti wa Erin Maloney, Sian Beilock na wenzao, uliochapishwa mwaka 2015, uliowahusu watoto wa darasa la kwanza na la pili nchini Marekani. Waliona kwamba wazazi wenye hofu ya hesabu, walipowasaidia watoto wao kazi za nyumbani mara kwa mara, watoto hao walijifunza hesabu kwa kiasi kidogo kuliko wenzao katika mwaka huo na kumaliza mwaka wakiwa na hofu kubwa zaidi. Mzazi mwenye hofu hiyo hiyo ambaye hakuwa akisaidia mara kwa mara hakuiambukiza kwa namna hiyo. Niliposoma hayo nilikaa kimya kwa muda mrefu, kwa sababu nilijiona.

Kilichotuokoa ni mwalimu wa binti yangu, ambaye alifanya mambo mawili madogo. La kwanza, alianza kuandika mfano mmoja uliokamilika juu ya ukurasa wa kazi, hatua kwa hatua, kwa njia anayoitumia darasani. Ninaamini hilo lingemtosha yule mzazi wa daftari la tatu. Hakukusudia kukupinga, Mwalimu, bali hakujua wewe unapita wapi. La pili, alinishauri niache kalamu kwanza, nitafute vijiti.

Naomba nieleze kidogo habari ya vijiti, kwa kuwa hesabu uliyoitaja, 52 kutoa 27, ni ya aina ile ile iliyotutesa. Tulifunga vijiti kumi kumi kwa uzi hadi tukapata vifungu vitano, tukaweka na vijiti viwili pembeni. Nikamwambia binti yangu anipe vijiti 27. Alinipa vifungu viwili haraka, kisha akavitazama vile vijiti viwili vilivyobaki pembeni, akanitazama, akasema, "Saba havipo." Sikusema kitu. Alivigeuza vifungu mkononi, akakaa, halafu akauliza kama anaruhusiwa kufungua kimoja. Nilimwambia vijiti ni vyake. Alifungua uzi, akachanganya vijiti kumi na vile viwili, akahesabu kumi na mbili, akanipa saba. Mezani vikabaki vifungu viwili na vijiti vitano. Alisema "ishirini na tano" kabla sijamuuliza.

Ndipo nami nilipoelewa 35 hutoka wapi. Mtoto akiona 2 juu na 7 chini, na akijua kwamba ndogo hutolewa kwenye kubwa, huigeuza safu ya mamoja, akasema saba toa mbili ni tano. Kisha tano toa mbili ni tatu. Huo si uzembe wala kutosikiliza. Anaifuata kanuni aliyoishika, ila haijui mipaka yake. Kumtajia 25 hakumwondolei kanuni hiyo, na ndiyo sababu mtoto wako alipata sita usiku, akakosa ya saba asubuhi.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi mzazi, ningependa mwalimu aniambie niulize swali moja kwenye hesabu, kama vile Mwalimu Mstaafu alivyotoa swali moja kwenye kusoma. Swali lenyewe ni "Umepataje?" Niliulize kwa jibu lililokosewa na kwa jibu sahihi pia, maana nikiliuliza pale tu alipokosa, mtoto atajua kwamba swali lenyewe ni alama ya kosa, naye ataanza kufuta kabla hajanieleza.

MjukuuWaBibi anajibu:

Nimeguswa na yule mama wa langoni, nami nitazungumza juu yake tu.

Nililelewa na bibi yangu, na bibi hakujua kusoma hata jina lake. Kila jioni, baada ya kazi za nyumbani kumalizika, alinikalisha karibu naye na kuniambia, "Leta tuone." Alikuwa akisema "tuone", ilhali alichokifanya ni kusikiliza. Nilikuwa nikisoma, yeye akiendelea na shughuli ya mikono, na nilipomaliza alinitaka nimweleze. Siku moja nilikuwa na hamu ya kwenda kucheza, nikaruka mistari. Bibi aliinua uso akaniuliza, "Na yule mzee aliyekuwa njiani jana, leo hakupita?" Alikuwa anaikumbuka hadithi yote tangu siku iliyotangulia, neno kwa neno, kuliko mimi niliyekuwa na kitabu mkononi. Sikuruka mistari tena.

Nimelileta hili kwa sababu mzazi asiyejua kusoma mara nyingi ana kumbukumbu kali ya masikio, ana hadithi, ana msamiati mpana, ana subira ya kusikiliza. Mwalimu akimwambia, "Mama, nakuomba umsikilize, na kesho yake umkumbushe alichokusomea jana," amemwomba jambo analoliweza vizuri, pengine kuliko mzazi msomi anayesikiliza huku akitazama simu. Msimpe kazi ya kuweka sahihi kwenye daftari kama ushahidi. Bibi yangu alikuwa akitumwa karatasi ya kusaini, na hiyo ndiyo sehemu pekee ya shule iliyomfanya ajisikie mdogo. Mpeni njia nyingine ya kuonyesha kwamba jambo limefanyika. Mtoto anaweza kuchora alama yeye mwenyewe.

Jambo lingine ni lugha. Ikiwa nyumbani familia inazungumza lugha tofauti na ya shuleni, mwambieni mzazi amsimulishe mtoto kwa lugha ya nyumbani bila wasiwasi. Mtoto akisoma kwa lugha moja na kueleza kwa nyingine, anathibitisha kwamba maana imemfikia. UNESCO ilipendekeza tangu mwaka 1953 kwamba mtoto aanze kufundishwa kwa lugha mama, na bado nakutana na wazazi wanaoacha kuzungumza na watoto wao kwa lugha wanayoimudu wakidhani wanawasaidia na shule. Mazungumzo yakipungua nyumbani, mtoto hupoteza maneno, na maneno hayo ndiyo anayoyahitaji anapofungua kitabu.

MratibuTaaluma anajibu:

Nakubaliana na mengi yaliyosemwa, lakini naomba kutofautiana kuhusu jambo moja ambalo wote wamelichukulia kana kwamba limekubalika, nalo ni kwamba kazi ya nyumbani yenyewe lazima iwepo kama ilivyo.

Harris Cooper na wenzake walikusanya tafiti nyingi kuhusu kazi za nyumbani, na muhtasari wao wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba uhusiano kati ya kazi hizo na maendeleo ya mwanafunzi ni wa nguvu zaidi kwa wanafunzi wa darasa la saba na kuendelea, na ni dhaifu kwa watoto wa madarasa ya chini yake. Kipimo ambacho Cooper amekuwa akikitaja ni dakika 10 kwa kila darasa, ambayo kwa darasa la pili ni dakika 20 kwa kazi zote za siku zikijumlishwa. Mtoto aliyefuta karatasi hadi ikatoboka alikuwa ameshapita muda huo zamani. Baba yake hakupaswa kukesha, na nadhani sisi shuleni ndio tunaopaswa kumwambia hivyo kwa uwazi, kwamba muda ukifika funga daftari, hata kama hesabu tatu zimebaki, na utuandikie alipokwama. Kwa mwalimu, daftari lililokomea hesabu ya tatu na maelezo ya mstari mmoja lina habari nyingi kuliko daftari lenye majibu sita sahihi ambayo si ya mtoto.

Kukesha nako kuna gharama yake. Chama cha Marekani cha wataalamu wa tiba ya usingizi kilitoa mapendekezo mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kwa kila saa 24. Ukimnyang'anya mtoto saa moja ya usingizi ili amalize hesabu za kutoa, kesho yake atafika darasani akiwa na daftari lililojaa na macho mazito, na somo jipya litampita.

Ningeongeza kwamba kazi inayokwenda nyumbani iwe ni ya jambo ambalo mtoto tayari ameanza kuliweza mbele yako. Mwanasaikolojia Lev Vygotsky alieleza kwamba kuna mambo mtoto anayaweza peke yake, na kuna mambo anayaweza kwa kushikwa mkono na anayejua zaidi. Ya aina ya pili yabaki darasani, kwa sababu huko ndiko aliko mtu aliyesomea kumshika mkono. Mwalimu, samahani nikisema hivi, lakini hesabu za kukopa kutoka makumi zilizotolewa nyumbani katika siku za mwanzo za mada hiyo zilimkuta baba akifanya kazi yako. Afadhali zingekwenda hesabu za wiki mbili zilizopita, maana tangu Hermann Ebbinghaus achapishe majaribio yake kuhusu kumbukumbu mwaka 1885 inajulikana kwamba kinachojifunzwa husahaulika haraka kisiporudiwa, na kukirudia kwa vipindi vifupi vilivyoachana hukifanya kikae kuliko kukikariri kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo dakika kumi kila siku, za mambo ya zamani kidogo, zinatosha na zinafaa.

MwalimuDarasaLaPili anaandika tena:

Nawashukuru nyote kwa dhati, na wewe Mratibu usiombe samahani, kwa kuwa nilirudi kwenye andalio langu la somo nikakuta ni kweli: hesabu zile nilizituma nyumbani siku ya pili tu ya mada.

Jana tulikuwa na kikao cha wazazi. Niliacha hotuba yangu ya siku zote, nikamwomba mwalimu mwenzangu aigize mtoto, nami nikaigiza mzazi mwenye haraka anayesema "si mzigo, ni kikapu". Wazazi walicheka, kisha wakanyamaza, na baba mmoja akasema kwa sauti kwamba hivyo ndivyo anavyofanya yeye. Baada ya hapo nikaonyesha kungoja kwa kuhesabu hadi tano. Nilishangaa jinsi hesabu ya tano inavyokuwa ndefu watu wakiwa wamekaa kimya ukumbini. Nadhani wazazi waliielewa kwa ukimya huo kuliko kwa maelezo yangu.

Niliwaomba haya: mtoto asome kwa sauti kwa dakika kumi, mzazi asikilize na kungoja, kisha amwambie mtoto "Nisimulie kilichotokea". Siku ya hesabu swali liwe "Umepataje?" na mfano mmoja utakuwa juu ya ukurasa. Dakika ishirini zikifika, daftari lifungwe, na mtoto achore duara pale alipokwama. Sahihi ya mzazi nimeiondoa. Habari ya Haringey niliisimulia mwishoni, na nilijitahidi nisimtazame yule mama wa langoni wakati nikiisimulia, asije akahisi kwamba nimemlenga. Watu walipokuwa wakitoka alinijia, akaniuliza kama ni lazima iwe jioni au anaweza kumsikiliza mtoto alfajiri wakiwa wanajiandaa. Nilimwambia saa yoyote inayowafaa ndiyo saa yake.

Limebaki jambo moja ambalo sijalipatia jibu. Nina mtoto ambaye jioni hana mtu mzima wa kukaa naye. Mlezi wake hufanya kazi usiku na hurejea mtoto akiwa ameshaondoka kuja shule. Mambo yote tuliyoyazungumza yanahitaji sikio moja nyumbani, na kwake sikio hilo halipo.

MwalimuMstaafu anajibu:

Mwalimu, niliwahi kuwa na watoto wa namna hiyo karibu kila mwaka. Kwanza uliza kama ana ndugu, hata awe amemzidi darasa moja tu; ndugu mkubwa anaweza kungoja na kuuliza swali lile moja, na yeye mwenyewe hufaidika kwa kusikiliza. Mlezi naye usimwache nje. Mwambie kwamba siku yake ya mapumziko mtoto ataleta kitabu kile kile alichokisoma wiki nzima, ili amsomee akiwa amekwisha kukizoea. Mtoto hufurahi kumsomea mtu anayempenda kitabu anachokiweza, na mlezi hupata kuona maendeleo badala ya kuitwa shuleni siku ya matatizo tu.

Kama ndugu hayupo, basi mtafutie sikio hapo shuleni. Mimi nilikuwa na mhudumu wa shule ambaye alikuwa akifika mapema kuliko wote, na kwa miaka miwili alimsikiliza mtoto mmoja akisoma kila asubuhi, amekaa naye kwenye ngazi kabla ya kengele.

MwalimuDarasaLaPili anaandika tena:

Ndugu hana. Lakini hufika shule mapema sana, mara nyingi namkuta amekaa mlangoni mwa darasa akinisubiri nifungue. Nitaanza naye mimi mwenyewe Jumatatu, dakika kumi kabla ya kengele, na nitamwandikia mlezi wake leo kumweleza kuhusu siku yake ya mapumziko.